Kabla hujatupa, jiulize nani atakula



Mwaka jana kijana mmoja alinipigia simu: ng'ombe wake wa maziwa anakonda, maziwa yameshuka, dawa ya minyoo ameshampa lakini wapi. Alipochinjwa, ndani ya tumbo kubwa tulikuta furushi la mifuko ya plastiki na kamba za manila. Plastiki haimeng'enywi. Inakaa humo na kuchukua nafasi ya chakula. Kamba zile zilitoka kwenye viroba vya pumba, na alizitupa mwenyewe nyuma ya banda.

Tangu siku ile, nikifika shambani kwa mtu naanzia jalalani. Hebu na wewe kaliangalie la kwako, ila kwa macho ya viumbe hawa wanne.

Ng'ombe. Mbuzi huchagua kwa midomo, ng'ombe huzoa kwa ulimi. Mfuko wenye harufu ya pumba, kwake ni chakula.

Nyuki. Anahitaji maji. Ukisuuzia chupa ya dawa mferejini, atakunywa hapo hapo. Halafu unashangaa matikiti hayashiki matunda! Suuza chupa mara 3, maji hayo yamimine kwenye bomba unalopulizia, kisha itoboe isije ikachotewa maji ya kunywa.

Mnyoo wa ardhi. Anapumua kwa ngozi, kwa hiyo anataka unyevu na giza. Ukichoma mabua, umemchomea chakula na paa kwa pamoja. Yaache yafunike udongo.

Funza wa nzi askari mweusi. Nyanya zilizooza na maganda ya ndizi, kwake ni karamu. Ndani ya wiki 2 hadi 3 anafaa kulishwa kuku, na akikaushwa ana protini karibu 40%. Sasa wewe unalipa gari likatupe matunda mabovu, kisha unalipa tena kununua dagaa wa kuku. Piga hesabu mwenyewe.

Kazi ya wiki hii: tenga vyombo 3. Kimoja cha vinavyooza, kimoja cha plastiki na kamba, na kimoja chenye mfuniko cha vifungashio vya dawa, kikae mbali na watoto na mifugo.

Yule kijana siku hizi ametundika kiroba mlangoni mwa banda. Kila kamba inayokatwa inaingia humo. Kiroba hakikumgharimu hata shilingi. Ng'ombe ndiye aliyemgharimu.

Tuonane somo lijalo.