Mtoto wa Darasa la Tatu Ana Mapumziko, Wewe Je?

Chukua ratiba ya shule ya msingi yoyote. Lazima utakuta kipande kisicho na somo: mapumziko. Kengele inagongwa, watoto wanatoka, wengine uji, wengine rede, wengine mpira wa makaratasi, halafu wanarudi darasani. Sisi tunaosomea ualimu tunajua maana ya kipande kile. Mwalimu anayekula muda wa mapumziko ili amalize mada anabaki akifundisha macho tu, akili za watoto zilishatoka nje zamani.

Sasa chukua ratiba yako ya wiki hizi kabla ya UE. Kuamka saa kumi na moja, daladala, vipindi, maktaba, kurudi geto, kupiga msuli mpaka saa saba usiku. Hakuna kengele hata moja. Ukikaa dakika kumi kibarazani unajisikia kama mwizi. Hoja yangu ni hii: raha ndogo ya kila siku ni sehemu ya kusoma, na inapaswa kuandikwa kwenye ratiba kama kipindi kingine chochote. Tukiichukulia kama zawadi ya baada ya kazi, hatutaipata.

Mwili haubagui matatizo

Kiswahili kimelitaja jambo hili vizuri. Kusonga ni kubana. Msongo ni kule kubanwa. Mwaka 1936 Hans Selye, mtafiti aliyekuwa Montreal, Kanada, alichapisha matokeo ya majaribio yake kwa panya. Aliwatia kwenye taabu tofauti, kama baridi na majeraha, akaona miili yao inajibu kwa namna ileile. Alieleza hatua tatu: mwili unashtuka, unakaza kupambana, na mwisho, taabu isipokoma, unachoka kabisa.

Ndiyo maana bumu kuchelewa, kodi ya chumba, foleni na tarehe ya kukusanya kazi ya kikundi vinaingia mfuko mmoja. Na ndiyo maana kauli yetu maarufu, "nitapumzika nikimaliza mitihani", ni ya hatari. Hatua ya tatu haisubiri ratiba ya chuo. Inaweza kukukuta ndani ya chumba cha mtihani, swali unalijua, jibu halitoki. Hapo sapu inanukia, na wengine tumeshuhudia wakidisko.

Kinachochoka ni kitu gani?

Mwaka 1890 mwanasaikolojia wa Marekani, William James, alitofautisha umakini wa aina mbili. Upo ule wa kujilazimisha, unaoutumia kusoma madesa ya takwimu. Upo na ule unaovutwa wenyewe bila kutoa jasho, kama unapotazama mvua ikinyesha. Karibu miaka mia moja baadaye, mwaka 1989, mke na mume Rachel na Stephen Kaplan walieleza kwamba umakini wa kwanza huchoka, na hupumzika pale wa pili unaposhika zamu. Majani, mawingu na maji hufanya kazi hiyo vizuri.

Mtafiti mwingine, Roger Ulrich, mwaka 1984 alilinganisha kumbukumbu za wagonjwa waliofanyiwa upasuaji katika hospitali moja ya Pennsylvania. Wagonjwa 23 dirisha lao lilitazama miti. 23 wengine lilitazama ukuta wa matofali. Wale wa miti waliruhusiwa kurudi nyumbani mapema zaidi na walihitaji dawa kali za maumivu mara chache zaidi.

Raha za Goba

Sisi tunaokaa Goba tunalalamika sana kuhusu umbali na vumbi, lakini miti na vilima tunavyo, tena bure. Saa kumi na mbili jioni panda kilima kimoja tu, simu ikiwa mfukoni, upepo ukupige. Dakika ishirini zinatosha.

Au nenda kijiwe cha kahawa. Kikombe kidogo cha kahawa chungu na kipande cha kashata havimalizi pesa ya mtu, na wazee wanaocheza bao pale hawakuulizi GPA yako. Wanabishana Simba na Yanga. Ila usiende usiku sana, kahawa itakunyima usingizi. Kama mfuko umekauka, fua nguo zako nyuma ya nyumba, au msaidie mama mwenye nyumba kuchambua mchicha mkipiga soga. Mikono inafanya kazi, akili inapoa.

Raha hizi zinafanana kwa mambo matatu: ni za bei ndogo au bure, zinautumia mwili, na zina mwisho. Kikombe kinaisha. Kilima kinafika kileleni. Hapo ndipo simu inapoanguka. Unasema "naangalia video moja tu", lakini video haziishi, na kila moja inakudai umakini upya. Unarudi kwenye daftari umechoka kuliko ulivyoondoka.

Pasipofika raha ndogo

Tusidanganyane. Kashata haileti bumu na upepo haulipi kodi. Tatizo la pesa linataka suluhisho la pesa, na la kusoma linataka kusoma. Tena, kama zaidi ya wiki mbili hulali, huli, huoni sababu ya kuamka, au unawaza kujidhuru, usijitibu kwa kahawa. Mwone mshauri wa wanafunzi au nenda zahanati, na mwambie mtu wa karibu leo hii.

Zoezi

1. Andika vitu vitatu vinavyokufurahisha, kila kimoja kisizidi nusu saa na kiwe na mwisho.
2. Viweke kwenye ratiba ya wiki hii kwa saa maalumu, kabla hujachoka.
3. Kabla na baada ya kila kimoja, soma ukurasa mmoja kisha ufunge daftari na uandike unachokumbuka. Linganisha.

Mwakani wengi wetu tutakuwa na darasa letu, na kengele itakuwa chini ya mamlaka yetu. Tuanze kuigonga sasa.