Auguaye Saratani Asiachwe Peke Yake

Ugonjwa mrefu huipima nyumba nzima, wala si yeye augulaye tu. Leo twataka kufundishana jambo moja juu ya saratani: dawa huutibu mwili, lakini moyo wa mgonjwa nao wataka kuuguzwa, na kazi hiyo ni yetu sisi jamaa zake. Cicely Saunders, daktari aliyefungua nyumba ya wagonjwa ya St Christopher's mjini London mwaka 1967, alifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa si ya mwili peke yake. Yamo pia ya moyo, ya roho, na ya shida za nyumbani.

Tumfikiri mama wa Tunduma mwenye saratani ya mlango wa kizazi, ambayo huwapata wanawake wa Tanzania kuliko saratani nyingine zote. Kwa miaka mingi wagonjwa wa Songwe wahitajio mionzi wamepelekwa Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Saratani Ocean Road, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996. Safari hiyo yapita kilometa 900. Tena mionzi hutolewa kidogo kidogo, siku tano kwa juma, kwa majuma matano hivi. Usiku mama huyo hujiuliza: watoto wamekula nini? Kibanda changu sokoni nani amekifungua? Mume wangu atanipokea nirudipo? Mawazo hayo yaweza kumpandisha basi la kurudi kabla matibabu hayajaisha. Na matibabu yakikatizwa, ugonjwa hupata nafasi.

Basi, yatupasa nini?

Kwanza, tuondoe uvumi. Saratani haiambukizwi kwa kula sahani moja wala kwa kulala chumba kimoja. Aliyetibiwa kwa mashine ya mionzi haleti mionzi hiyo nyumbani. Mtoto wake na amkumbatie. Nywele zinyonyokazo kwa dawa za mshipani kwa kawaida huota tena. Naye amnong'onezaye mgonjwa kwamba amerogwa, au kwamba Mungu amwadhibu, amwongezea kidonda cha pili.

Pili, tuseme naye kweli. Wengi humficha jina la ugonjwa wakidhani wamhurumia. Lakini yeye huzisoma nyuso zetu, akabaki na hofu yake peke yake. Heri aulizwe ataka kujua nini, akajibiwe kwa upole.

Tatu, ukoo na majirani wagawane mzigo. Mmoja amsindikize, wa pili awatunze watoto, wa tatu atafute nauli. Apigiwe simu kila jioni apate habari za nyumbani. Naye amwuguzaye apokewe zamu, maana huchoka.

Nne, tuitambue huzuni iliyozidi. Mgonjwa akikosa usingizi, akikataa chakula, asipofurahia lolote kwa majuma mawili, au akisema heri afe, asikemewe kuwa hana imani. Daktari aambiwe mara moja. Hali hiyo nayo ina matibabu yake.

Methali yasema, asiyekuwapo na lake halipo. Tusikubali iwe hivyo kwa mgonjwa aliye mbali. Siku atakapoteremka Tunduma, akute kibanda chake ki wazi, watoto wake shuleni, na nafasi yake mezani ikimngoja.