Kutoa zamu za kesho kwa mchezaji wa leo

Swali (msomaji wa Bariadi, Simiyu): Kwa nini timu za Marekani hutoa nafasi za miaka ijayo ili kumpata mchezaji mmoja, na je, Mtanzania amewahi kuguswa na biashara hiyo?

Jibu: Chipukizi wa Marekani hawanunuliwi kama wa Ligi Kuu ya Tanzania, bali huchaguliwa kwa zamu katika drafti, yaani mkutano wa kila mwaka ambamo timu zilizofanya vibaya hutangulia, na kwa kuwa zamu ni mali, huweza kutolewa mapema, kama mkulima wa Simiyu anavyoweza kuuza pamba ambayo hajaivuna. Katika futiboli ya Kimarekani, tamaa huwa kali zaidi kwa kwotabeki, mrushaji mpira anayeongoza mashambulizi. Mwaka 2021 San Francisco 49ers waliipa Miami Dolphins zamu 3 za raundi ya kwanza na 1 ya raundi ya tatu ili kupanda kutoka nafasi ya 12 hadi ya 3, wakamchagua Trey Lance, ambaye mwaka 2023 alikwenda Dallas Cowboys kwa zamu 1 ya raundi ya nne, ilhali Brock Purdy, aliyechaguliwa wa mwisho kabisa mwaka 2022, ndiye aliyewafikisha 49ers fainali.

Katika mpira wa kikapu, ndiko Mtanzania alikoguswa: Hasheem Thabeet, aliyechaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies mwaka 2009, alipelekwa Houston Rockets Februari 2011 pamoja na zamu ya raundi ya kwanza, ili Memphis impate mkongwe Shane Battier. Lawama za kuchaguliwa mapema mno alizobebeshwa Mtanzania huyo hazikuwa za haki, kwani mchezaji hajipangii nafasi ya kuchaguliwa.