Kuhifadhi Amri Bila Sababu Zake

Mheshimiwa Mshauri,
Nimejifunza kuandika programu kwa kuhifadhi kwa ghibu amri za lugha ya Python, na daftari langu limejaa. Mwezi uliopita nilipata kazi, nikakabidhiwa programu ya zamani niitengeneze, nikakosa hata pa kuanzia. Je, nizidi kuhifadhi, au kazi hii si riziki yangu?
Mwenye Daftari, Tanga

Mwanangu Mwenye Daftari,
Barua yako nimeisoma kwa huruma, kwani bidii yako ni dhahiri, wala si haki mtu wa bidii kama hiyo akatishwe tamaa kabla hajaonyeshwa njia. Daftari usiliongeze kurasa. Kilichokushinda si uchache wa uliyoyahifadhi, bali ni kuyahifadhi pasi na sababu zake.

Itazame hesabu hii ndogo. Katika Python ya 2, ambayo wenyewe waliacha kuihudumia tarehe 1 Januari 2020, ukiandika 7/2 kompyuta hukujibu 3. Katika Python ya 3, iliyotolewa mwaka 2008, maandishi yayo hayo hujibu 3.5, na atakaye 3 sharti aandike 7//2. Aliyehifadhi alama peke yake ataihamisha programu ya mishahara kutoka toleo la kale hadi jipya, isimpe ilani yoyote, na hesabu za watu ziharibike kimyakimya. Lakini aliyefahamu kwamba namba nzima ikigawanywa kwa namba nzima baki yaweza kutupwa au kuonyeshwa kwa desimali, huyo atauliza tangu awali baki inakwenda wapi, na swali lake litamfaa hata katika Java, ambako 7/2 ni 3, na katika JavaScript, ambako ni 3.5.

Siidharau hifdhi, maana asiyejua lolote kwa moyo hukatikiwa na fikira kila mstari. Ila amri utumiazo kila siku zitakukaa zenyewe, na zile za nadra zimo katika vitabu vya maelezo, ambavyo hata mabingwa huvifungua bila haya.

Kesho basi, chagua kipande cha programu hiyo kisichozidi mistari kumi, ukisome kwa makini, na kabla ya kukiendesha andika kwenye karatasi jawabu unalolitarajia. Likitoka jingine, usikimbilie kusahihisha; fuata thamani ya kila kigeu mstari kwa mstari, hadi upaone mahali ulipodhani hivi na mashine ikatenda vile. Pakikushinda, mwendee kwa adabu aliyekutangulia kazini, umwulize kwa nini programu iliandikwa namna ile, kwani aghalabu sababu hiyo imo kichwani mwake tu, haikuandikwa popote. Na kabla hajakujibu, mwambie wewe ulidhani nini, apate kujua ni wapi pa kukurekebisha.