Dondoo muhimu: Kusoma na kufanya kazi uzeeni

Kimani Maruge wa Kenya alianza darasa la kwanza mwaka 2004 akiwa na miaka 84, mjini Eldoret. Alitaka kujisomea Biblia mwenyewe na kujua hesabu za fedha zake. Haja ya namna hiyo ndiyo humdumisha mwanafunzi mzee darasani. Macho yapimwe kwanza: baadhi ya wanaodhaniwa kuwa wazito wa kuelewa wanahitaji miwani ya kusomea tu. Vipindi vifupi vya kila siku hufaa kuliko kimoja kirefu kwa wiki. Kwa upande wa kazi, nchini Tanzania mtumishi wa umma kwa kawaida hustaafu kwa lazima akitimiza miaka 60. Kwa hiyo ujuzi mpya wa kazi ya baadaye, uwe ushonaji au ufugaji wa kuku, uanze kujifunzwa mapema, mshahara ukiwa bado unaingia.