Nini kinaula mfupa wa kijana wangu?

*Daktari, kijana wangu wa miaka 15 anaumwa juu ya goti, na usiku halali. Tulidhani ni mpira, bibi yake akawa anamkanda. Eksirei imeonyesha mfupa umelika, wametaja uvimbe. Unaulaje mfupa?*
*Mama, Buyenzi, Bujumbura*

Pole sana, mama. Mpira haukumletea haya, wala hukukosea. Na eksirei peke yake haithibitishi saratani. Hata maambukizi huula mfupa.

Mfupa ni kitu hai. Ndani yake zimo seli zinazobomoa sehemu kuukuu na nyingine zinazojenga upya. Kwa kawaida seli za uvimbe hazitafuni mfupa zenyewe: hutoa kemikali, na mojawapo, RANKL, huzichochea seli bomozi zifanye kazi kupita kiasi. Mfupa ukibomoka huachilia vikuza-seli vilivyohifadhiwa ndani yake, navyo huulisha uvimbe, unaozidi kuchochea ubomoaji. Kwa hiyo msingoje.

Acheni kumkanda leo hii. Atembelee magongo, asiukanyagie mguu huo. Mfupa uliolika huvunjika kirahisi. Wiki hii mpelekeni na picha yake Hospitali ya Kamenge au Prince Régent Charles, muulizie kipimo cha kipande cha uvimbe na picha ya kifua. Ikiwa ni saratani, dawa na upasuaji vipo, na kuwahi huongeza nafasi ya kuuokoa mguu. Mkihitaji rufaa, ulizieni Butaro, Rwanda, panapotibiwa saratani tangu 2012.

Akishindwa ghafla kusimama, au akipata homa kali, nendeni saa hiyo hiyo, hata usiku.