Kupakua Video za Masomo: Namna Kiendelezi cha Kivinjari Kinavyofanya Kazi

Mwalimu wa Baiolojia anayetaka kuwaonyesha wanafunzi wake mgawanyiko wa seli anaweza leo kupata mtandaoni video iliyo bora kuliko mchoro wowote wa ubaoni. Tatizo ni kwamba siku ya somo huenda mtandao usipatikane, au kifurushi kikaisha katikati ya maelezo. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na SEACOM, ilipata hitilafu karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ikadhoofika katika nchi nyingi za Afrika Mashariki, zikiwamo Tanzania na Kenya. Aliyekuwa ameihifadhi video yake katika kompyuta aliendelea kufundisha kama kawaida.

Njia mojawapo ya kuihifadhi ni kutumia kiendelezi, yaani programu ndogo inayoongezwa katika kivinjari ili kukipa uwezo ambao hakikuwa nao. Madhumuni ya makala haya ni kueleza kiendelezi cha namna hiyo hufanya nini hasa, kwa maana watu wengi hukitumia bila kujua kinachotendeka ndani yake.

Kwanza tuitazame video yenyewe. Tuchukue picha yenye upana wa nukta 1,280 na kimo cha nukta 720. Ikiwa kila nukta yahitaji baiti 3 za rangi, picha moja itachukua baiti 2,764,800. Kwa picha 25 katika kila sekunde tunapata baiti 69,120,000, yaani karibu megabaiti 69 kwa sekunde moja tu! Video ya dakika 10 ingezidi gigabaiti 41. Hakuna shule ambayo ingemudu gharama hiyo.

Ndiyo sababu video hubanwa kabla ya kusafirishwa. Kanuni ya kubana, ambayo huitwa kodeki, hutumia jambo ambalo mwanafunzi yeyote anaweza kulithibitisha kwa macho: picha mbili zinazofuatana hufanana sana. Mwalimu anapoandika ubaoni, ubao na ukuta havibadiliki. Kinachobadilika ni mkono wake na maandishi machache. Kodeki huhifadhi picha kamili mara mojamoja, na katikati huhifadhi tofauti tu. Kodeki ya H.264, iliyotolewa mwaka 2003 na ambayo bado imeenea sana, huweza kuifikisha video yetu kwenye kiasi cha megabiti 1 kwa sekunde. Kwa kuwa baiti moja ni biti 8, dakika 10 zitakuwa megabaiti 75. Wanafunzi 40 wakiitazama kila mmoja peke yake kwa njia ya mtandao, shule italipia megabaiti 3,000; ikipakuliwa mara moja na kunakiliwa kwa flashi, italipia 75.

Zamani kidogo kazi ya kupakua ilikuwa rahisi. Ukurasa ulitaja anwani ya faili moja, na mtazamaji alibofya kitufe cha kulia cha kipanya na kuchagua kuhifadhi. Bado zipo tovuti za namna hiyo. Lakini tangu mwaka 2009, kampuni ya Apple ilipotoa utaratibu uitwao HLS, na baadaye utaratibu wa DASH uliochapishwa mwaka 2012, video nyingi hukatwa vipande vifupi, mathalani vya sekunde 6 kila kimoja. Video yetu ya dakika 10 itakuwa na vipande 100. Tena kila kipande hutayarishwa kwa viwango kadhaa vya ubora, ili mtandao ukidhoofika kivinjari kiombe kipande chepesi zaidi. Kivinjari hupokea kwanza orodha ya vipande, ambayo katika HLS jina lake huishia na .m3u8, kisha huviomba kimoja baada ya kingine na kuviunga katika kumbukumbu yake. Ukiichunguza video ya namna hiyo ukurasani mara nyingi utakuta anwani inayoanza na neno blob. Anwani hiyo huelekeza kwenye kumbukumbu ya kivinjari chenyewe, wala haina maana yoyote nje ya ukurasa ule.

Hapa ndipo kiendelezi kinapoingia. Kivinjari humjulisha mgeni huyu kila ombi linalotoka na kila jibu linalorudi. Seva inapojibu, hutanguliza maelezo mafupi, mojawapo likitaja aina ya kitu kinachotumwa, kwa mfano video/mp4. Kiendelezi husoma maelezo hayo, huacha picha na maandishi yapite, na hukamata anwani za video na za orodha za vipande. Ukichagua ubora unaoutaka, kitaisoma orodha, kitaviomba vipande vyote na kuviunga kuwa faili moja. Mara nyingi sauti husafiri peke yake mbali na picha, hivyo ni lazima viunganishwe pia. Baadhi ya viendelezi huomba msaada wa programu nyingine nje ya kivinjari, kama vile FFmpeg.

Mwalimu anaweza kuyaonyesha haya darasani bila kiendelezi chochote. Katika Firefox au Chrome, bonyeza F12, fungua sehemu inayoonyesha maombi ya mtandao, kisha cheza video. Wanafunzi wataviona vipande vikiingia kwa zamu.

Uwezo huo wa kusikiliza maombi yote una hatari yake. Kiendelezi kinachoweza kusoma anwani ya video huweza pia kusoma kurasa za barua zako. Mwaka 2021 Google iliondoa kiendelezi maarufu kiitwacho The Great Suspender, ambacho kilikuwa kimeuzwa kwa mmiliki mwingine, kwa sababu ya programu hasidi ndani yake. Watumiaji wake walikuwa wamekiamini kikiwa bado kizuri. Kwa maoni yangu, kompyuta ya ofisi ya shule isiwekwe kiendelezi cha kupakua hata kidogo. Itengwe kompyuta moja kwa kazi hiyo.

Kuna pia suala la haki. Masharti ya YouTube hayaruhusu kupakua isipokuwa pale yenyewe inapotoa kitufe au idhini, na duka la viendelezi vya Chrome halikubali viendelezi vinavyopakua video zake. Video zilizosimbwa kwa ufunguo, kama filamu za kulipia, kiendelezi huweza kuzipakua vipande vyake lakini havitafunguka. Kwa bahati nzuri zipo hazina zilizo wazi: Wikimedia Commons, video nyingi za NASA, na kazi zenye leseni za Creative Commons, ambazo zilianza kutolewa mwaka 2002. Nyingi kati ya hizi zina kitufe chake cha kupakulia, na hapo kiendelezi hakihitajiki.

Zoezi. Somo la dakika 24 limekatwa vipande vya sekunde 6. Picha hupatikana kwa kilobiti 400 au 2,000 kwa sekunde. Sauti ni kilobiti 96. (a) Kuna vipande vingapi vya picha? (b) Shule ina kifurushi cha megabaiti 100. Ni ubora upi utakaopakulika pamoja na sauti, na zitabaki megabaiti ngapi?

Majibu: (a) 240. (b) Ubora wa kilobiti 400. Picha megabaiti 72 na sauti 17.28, zitabaki 10.72.